Bombay Quadrangular: Mashindano ya kriketi ambayo timu zilipangwa kwa dini

Fikiria mashindano ambayo timu haina jina la mtaa wala mji. Moja ni timu ya Wahindu, nyingine ya Waislamu, ya tatu Waparsi, ya nne Wazungu. Ukizaliwa Muislamu huwezi kuchezea timu ya Wahindu hata uwe hodari vipi.

Ndivyo ilivyokuwa kriketi kubwa ya Bombay, jiji ambalo leo tunaliita Mumbai. Kwa zaidi ya miaka 50 mashindano hayo yalijaza viwanja, yakatoa mastaa, kisha yakafutwa mwaka mmoja tu kabla ya India kupata uhuru.

Kwa ufupi

- 1892: Wazungu na Waparsi waanza kukutana kila mwaka
- 1907: Wahindu waingia, timu zinakuwa 3
- 1912: Waislamu waingia, timu zinakuwa 4
- 1937: Timu ya tano yaongezwa
- 1946: Mashindano yafutwa

Waparsi ndio walioanza

Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi. Ndiyo jamii aliyotoka mwanamuziki Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar.

Mwaka 1848 vijana wa Kiparsi walianzisha klabu yao ya kriketi, Oriental Cricket Club. Mwaka 1877 wakacheza na Wazungu wa Bombay Gymkhana kwa mara ya kwanza. Walipofika 1886 walikuwa tayari wanapanda meli kwenda kucheza Uingereza.

Mwaka 1892 mechi ya Wazungu na Waparsi ikawa ya kila mwaka. Kwa Wazungu ilikuwa burudani. Kwa wenyeji ilikuwa nafasi adimu ya kumkabili mtawala kwenye uwanja wenye sheria moja kwa wote.

Jamii nyingine hazikutaka kubaki watazamaji. Waislamu na Wahindu nao wakafungua klabu zao, Islam Gymkhana na Hindu Gymkhana, na klabu hizo ndizo zilizosimamia timu.

Wahindu wawafunga Wazungu

Februari 1906 Wahindu walikutana na Wazungu na kushinda kwa tofauti ya mikimbio 109. Mikimbio ndiyo pointi za kriketi, kwa hiyo huo haukuwa ushindi wa kubahatisha.

Mwaka uliofuata wakaingizwa rasmi kwenye mashindano. Waislamu walipojiunga 1912, timu zikawa nne, na hapo likaja jina la Quadrangular, yaani mashindano ya pande nne.

Baloo: hodari uwanjani, mgeni mezani

Kwenye timu ile ya Wahindu iliyoshinda 1906 alikuwepo mrushaji wa mkono wa kushoto, Palwankar Baloo. Alikuwa wa tabaka la mafundi ngozi, watu ambao wakati ule Wahindu wa matabaka ya juu hawakukubali hata kuwagusa.

Mpira aliougusa Baloo ulishikwa na wenzake bila shida. Ila wakati wa chai alinywa peke yake nje, kwenye kikombe cha udongo cha kutupwa. Kumbe mkono ule ule uliowapa ushindi ndio walioukwepa mezani!

Mwaka 1911 timu ya India ilizuru Uingereza na Baloo akachukua wiketi 114. Lakini unahodha wa timu ya Wahindu? Hapana. Kila mara alipewa mtu wa tabaka la juu.

Mwaka 1920 mambo yalichacha. Baloo aliachwa nje ya kikosi, na mdogo wake Vithal, mpigaji mzuri, akarukwa kwenye unahodha. Vithal na ndugu yao Shivram wakagoma kucheza. Watu wengi mjini wakawa upande wao. Baada ya mvutano Baloo alirudishwa akiwa makamu nahodha.

Mwaka 1923 Vithal akapewa unahodha. Wahindu wakawafunga Wazungu na kubeba ubingwa, na mashabiki wakambeba Vithal mabegani. Mashindano yaliyogawa watu kwa dini ndiyo hayo hayo yaliyowalazimisha Wahindu kujiuliza kuhusu ubaguzi ndani ya nyumba yao wenyewe.

Siasa zaingia uwanjani

Kuanzia 1930 hadi 1933 mashindano yalisimama, wakati India ikiwa kwenye vuguvugu la kukataa kutii sheria za Waingereza. Yalirudi 1934.

Mwaka 1937 yalihamia uwanja mpya wa Brabourne na timu ya tano ikaongezwa, iliyoitwa The Rest. Hii ilikuwa ya waliobaki: Wakristo wa India, Wayahudi, Wabudha na wengine. Mwaka huo huo Wahindu waligoma kushiriki kwa sababu hawakuridhika na mgao wa viti uwanjani. Yaani hata viti viligawanywa kwa jamii.

Desemba 1940 viongozi wa Hindu Gymkhana walimfuata Mahatma Gandhi kumwomba ushauri. Gandhi aliwaambia anawaunga mkono wanaotaka mechi zisimamishwe, hasa wakati wa vita. Akasema anaelewa taasisi zikishindana, ila hakuwahi kuelewa kwa nini kuwe na timu ya Wahindu, ya Waparsi au ya Waislamu.

Fainali mbili za kukumbukwa

Pamoja na lawama hizo, watu waliendelea kujaa.

Fainali ya 1943 ilikuwa Wahindu dhidi ya The Rest. Wahindu walipata 581, Vijay Merchant peke yake akifunga 250 bila kutolewa. The Rest wakajibu na 133 tu, wakatakiwa kupiga tena. Hapo Vijay Hazare, Mkristo, akafunga 309 kati ya 387 za timu nzima. Alipokuwa na ndugu yake Vivek waliongeza mikimbio 300, na Vivek alichangia 21 tu! Hata hivyo Wahindu walishinda.

Mwaka 1944 Waislamu waliwashinda Wahindu kwenye fainali kwa wiketi 1 tu. Huwezi kupata ushindi mwembamba kuliko huo.

Mwisho wake

Msimu wa 1945/46 ulikuwa wa mwisho. India ilikuwa inaelekea kugawanywa kwa misingi ya dini, na Bodi ya Kriketi ya India ikayafuta mashindano 1946. Nafasi kubwa ikabaki kwa Ranji Trophy, iliyoanza 1934, ambayo timu zake ni za majimbo. Humo Muislamu, Mhindu na Mparsi wa Bombay huvaa jezi moja.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni sana. Jina Gymkhana kwenye klabu za Dar es Salaam na Nairobi limetoka huko huko India. Wahindi waliokuja huku nao walijenga klabu kwa jamii: Wagoa kwao, Waismailia kwao, na Wazungu nao kwao.

Gymkhana za Bombay bado zipo, na ile ya Waparsi, ya Waislamu na ya Wahindu ziko jirani kando ya bahari. Kriketi inachezwa humo mpaka leo, ila hakuna tena kombe la kuamua dini ipi ina timu bora.