Vinasaba

Huku Lushoto, mji ambao Wadachi waliuita Wilhelmstal, mtu akiulizwa nasaba yake hutaja baba, babu na jadi, na Wakilindi, ukoo wa watawala wa Usambara, huipandisha yao hadi kwa mwasisi wao, Mbegha. Kwa hiyo neno vinasaba, ambalo sheria yetu ya mwaka 2009 hulitumia kwa kile ambacho wengi hukiita DNA, halikunijia kama mgeni. Aliyelibuni alitwaa nasaba, neno la Kiarabu lililokwisha kukaa pwani kwa dahari, akalitia katika ngeli ya vitu vidogo, kana kwamba silsila nzima ya ukoo imekunjwa ndani ya tone la mate. Ni ubunifu wa kusifiwa.

Na mwezi Septemba 2023, baada ya kupimwa vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa zama za Wadachi na kuwekwa Berlin, matatu yaliwiana na jamaa walio hai hapa Tanzania, na moja kati yake, lililoandikwa "Akida", lilithibitika kuwa la mshauri wa Mangi Meli, yule mtawala wa Kichagga aliyenyongwa Moshi ya Kale mwaka 1900. Zaidi ya karne moja, na damu ilikuwa ingali ikiwajua watu wake!

Nina neno moja tu la kuongeza: nasaba kwa desturi hufuata upande wa baba, ilhali vinasaba hurithiwa kwa wazazi wote wawili, na ile sehemu itokayo kwa mama peke yake ndiyo hustahimili zaidi katika mifupa mikuukuu.