Daftari, Kitabu na Simu: Hatima ya Maandishi ya Kilimanjaro katika Zama za Dijiti

1.0 Utangulizi



Tangu intaneti ilipoingia vyuoni mwetu, swali moja limekuwa likiulizwa mara kwa mara: je, kitabu cha karatasi kitakufa? Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa kutazama mbele. Mhadhara huu unapendekeza tulijibu kwa kutazama nyuma, kwa kutumia mfano wa mahali pamoja, yaani Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Huko, katika muda usiozidi miaka hamsini, habari za jamii ziliandikwa katika madaftari, katika kitabu na katika gazeti, na kila kimoja kilipata hatima yake. Hoja yangu ni kwamba uhai wa andiko hautegemei sana kitu kinacholibeba. Hutegemea wingi wa nakala zake, na kama nakala hizo zimo mikononi mwa watu wengi wasiotegemeana, walio karibu na wasomaji wake.

2.0 Madaftari ya Mtui

Kati ya mwaka 1913 na 1916, Nathaniel Mtui, mwalimu wa Kilutheri kutoka Marangu, aliandika katika madaftari historia ya tawala za Wachagga. Alifariki mwaka 1927 kabla kazi hiyo haijawa kitabu. Wengi wetu tunaifahamu kupitia kwa wengine, hasa Kathleen Stahl, aliyeitumia katika historia yake ya Wachagga iliyochapishwa mwaka 1964. Kwa hiyo maneno ya mwalimu wa Marangu yaliwafikia wasomaji kwa Kiingereza, yakiwa yamepitia kalamu ya mtu mwingine. Vivyo hivyo, mafundisho ya jando na unyago aliyoyakusanya mmisionari Bruno Gutmann yalitoka kwa Kijerumani, katika majuzuu matatu, kati ya mwaka 1932 na 1938.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya Mtui inatulazimisha tuongeze jambo moja: hata daftari lenyewe, likiwa nakala moja tu, huweza kubaki na habari zake lakini likawapotea wenyewe.

3.0 Kitabu na Gazeti

Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle, Mangi wa Marangu, alitoa kitabu kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Alikiandika kwa Kiswahili. Uamuzi huo ulikuwa na uzito, kwani ulikiweka kitabu cha mila za mlimani mbele ya kila msomaji wa Kiswahili, awe wa Machame, Tanga au Mombasa. Baada ya miaka 55, mwaka 2002, Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilikichapisha upya. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu chapa ya kwanza ilikuwa imetawanyika. Kitabu hakichapwi upya kama hakuna aliyebaki na nakala.

Gazeti halikuwa na bahati hiyo. Komkya, jina ambalo kwa Kichagga ni sawa na kusema “kumekucha”, lilitoka Moshi kuanzia mwaka 1953 hadi 1961. Jina lilikuwa la Kichagga, lakini lugha yake kuu ilikuwa Kiswahili. Lilizaliwa katika jamii iliyokwisha kuzoea maandishi, ambayo wakulima wake wa kahawa walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925 na chama kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933. Katika kurasa zake watu walijadili uongozi, elimu na maendeleo. Leo anayetaka kuyasoma majadiliano hayo hana budi kwenda katika hifadhi za nyaraka na maktaba za utafiti. Gazeti husomwa kisha hufungiwa vitu, wachache hulitunza.

4.0 Zama za Dijiti

Teknolojia ya dijiti imeleta neema ambayo hatuna sababu ya kuibeza. Picha zilizopigwa Kilimanjaro na wamisionari wa Leipzig, waliofika huko mwaka 1893, sasa zimo katika hifadhi ya dijiti ya Chuo Kikuu cha Southern California. Kijana wa Kibosho mwenye simu na kifurushi anaweza kuzitazama bila kuomba viza. Kitabu, kwa upande wake, ni ghali, na hushambuliwa na mchwa na unyevu.

Hata hivyo, dijiti huongeza watazamaji kuliko inavyoongeza watunzaji. Wengi hutazama, lakini ufunguo huwa kwa mmoja. Julai 2009 kampuni ya Amazon iliziondoa riwaya mbili za George Orwell, Animal Farm na Nineteen Eighty-Four, katika vifaa vya kusomea vya wateja waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Kampuni iliomba radhi, lakini uwezo wake ulikuwa umedhihirika. Animal Farm hiyohiyo ilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere kwa jina la Shamba la Wanyama mwaka 1967. Hakuna mchapishaji awezaye kuingia usiku katika nyumba za walimu wetu na kuziondoa nakala zake. Oktoba mwaka huohuo wa 2009, kampuni ya Yahoo iliifunga huduma ya GeoCities, na kurasa za watu wengi zikatoweka.

5.0 Hitimisho

Kwa hiyo kitabu cha karatasi kina kazi ambayo simu haijaichukua: kutawanya utunzaji. Kazi hiyo haitafanyika yenyewe. Kwanza, sheria ya huduma za maktaba ya mwaka 1975, inayowataka wachapishaji kuwasilisha nakala, iheshimiwe hata kwa vijitabu vya parokia, usharika na ushirika. Pili, kila mkusanyo wa dijiti uhusuo mlima huu uwe na maelezo ya Kiswahili na nakala iliyochapwa katika maktaba ya Moshi. Uchapaji wa dijiti umerahisisha kutoa nakala chache, hivyo dijiti yenyewe inaweza kukifaa kitabu.

Tatu, nawageukia wanafunzi. Kila Desemba barabara ya Moshi hujaa watu wanaorudi nyumbani. Mnaporudi, waombeni wazee ruhusa ya kuona madaftari, barua na stakabadhi zilizomo masandukuni. Zipigeni picha, mziandike upya, mchape nakala kadhaa; moja ibaki kwa familia, nyingine ziende maktaba zaidi ya moja. Mtui aliifanya sehemu yake kwa kalamu. Sehemu iliyobaki haikufanywa kwa wakati, na wazee wanaoweza kutusomea mwandiko wa masandukuni wanapungua kila mwaka.