Département ya Wafaransa: wilaya, si idara

Mfasiri akikutana na neno "département" katika habari ya mafuriko, ya uchaguzi au ya moto wa msituni, kamusi humpa jibu la haraka: idara. Ndiyo maana msomaji huambiwa kwamba theluji imefunga barabara za "idara ya Lozère", naye akabaki kujiuliza ni wizara gani yenye idara inayoangukiwa na theluji. Idara ni ofisi. Ina mkurugenzi, ina masjala, ina kibao mlangoni. Lozère ni nchi yenye milima, kondoo, mito na watu wapatao 76,000, na hakuna département ya Ufaransa ya Ulaya yenye watu wachache kuliko hiyo. Nimeichagua makusudi. Neno la utawala hupimwa vizuri mahali ambapo ofisi ni chache na mwendo wa kuzifikia ni mrefu.

Wafaransa walilitoa neno hili katika kitenzi chao cha kugawa, kwa hiyo département kwa asili ni mgawo, fungu. Mwaka 1789 Bunge la Katiba liliamua kuyafuta majimbo ya kale, ambayo kila moja lilikuwa na kodi zake, mahakama zake na vipimo vyake, ili nchi igawanywe upya. Pendekezo la kwanza, lililowasilishwa na mwanasheria Jacques-Guillaume Thouret, lilikuwa la rula na penseli: miraba 80 inayolingana, kila upande kilomita 70 na kitu, na Paris peke yake pembeni. Wabunge wa milimani wakapinga, kwa kuwa mraba haujui bonde wala mto. Mwanzoni mwa 1790 zikapatikana département 83, mipaka yake ikiwa imefuata mito, matuta na ubishi wa miji iliyogombania kuwa makao makuu. Nia iliyobaki ni kwamba mwananchi aweze kufika makao makuu hayo kwa mwendo wa siku moja. Majina yakachukuliwa kwa mito na milima, ili pasiwe na mtu wa kujivunia tena jina la jimbo la zamani.

Lozère, kwa sehemu yake kubwa, ni Gévaudan ya zamani. Jina hilo lilikuwa limeshachafuka. Kati ya 1764 na 1767 mnyama mmoja, au kundi la mbwa mwitu, aliua makumi ya watu huko, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa machungani, hata Mfalme Louis XV akalazimika kutuma wawindaji wake. Bunge likaliacha jina hilo na kuchukua la mlima, Mont Lozère, ambao kilele chake cha Finiels kina mita 1,699. Mlima wenyewe uko kusini-mashariki. Mfugaji wa ng'ombe wa Aubrac, kule kaskazini-magharibi, anaitwa kwa jina la mlima ambao si wa kwao.

Eneo lake ni kilomita za mraba 5,167, yaani kama Unguja mara tatu, na ndani yake mna nchi nne ambazo unaweza kuzitambua kwa mawe ya kuta za nyumba. Kaskazini ni Margeride, nyanda za itale na misitu ya misonobari. Magharibi ni Aubrac, malisho mapana juu ya mawe meusi ya volkano. Kusini-magharibi ni zile zinazoitwa Causses, nyanda za juu za chokaa, kavu, za kondoo, ambazo mto Tarn umezipasua kwa korongo lenye kina cha mamia ya mita. Kusini-mashariki ni Cévennes, migongo myembamba ya mawe ya tabaka ambako watu waliishi kwa miti ya njugu za chestinati na kwa kufuga viwavi wa hariri. Mito Lot, Tarn na Allier yote huzaliwa humu na kutoka. Lot na Tarn huelekea Garonne, Allier huelekea Loire, na vijito vya Cévennes huteremkia upande wa Bahari ya Mediterania.

Majira ya baridi ndiyo yanayoeleza kwa nini ramani ya utawala ina uzito hapa. Juu ya Mont Lozère upepo na theluji vikikutana huwa tufani ambayo wenyeji huiita tourmente, na mtu akishikwa nayo haoni mkono wake. Katika vijiji vidogo vya mlimani, kama Serviès, Les Sagnes na Oultet, utakuta minara mifupi ya mawe iliyobeba kengele, bila kanisa pembeni. Kazi yake ilikuwa kupigwa wakati wa tufani ili aliyepotea afuate sauti. Njiani nako kulisimamishwa nguzo za itale kuonyesha barabara iliyofunikwa. Hesabu ya Thouret ya mwendo wa siku moja haikuwa na nafasi ya siku za namna hiyo.

Watu wakaondoka. Katikati ya karne ya 19 Lozère ilikuwa na wakazi zaidi ya 140,000. Maradhi ya viwavi yakaiangusha hariri, maradhi ya miti yakaangusha chestinati, migodi na viwanda vya tambarare vikaita vijana, kisha Vita Vikuu vya Kwanza vikachukua wengine. Leo wamebaki nusu. Mende, makao makuu, una watu 12,000 hivi. Florac, mji wa pili kiutawala na makao ya Hifadhi ya Taifa ya Cévennes iliyoanzishwa 1970, una watu wapatao 2,000, na kwetu pangeitwa kituo cha biashara.

Sasa, tuiiteje? "Mkoa" lingefaa kama Wafaransa wasingekuwa na ngazi nyingine juu yake. Wanayo: ni région, ambazo leo ni 18, na 13 kati yake ziko Ulaya. Tangu Januari 2016 Lozère iko katika région ya Occitanie, yenye makao makuu Toulouse na département 13 ndani yake. Hiyo ndiyo mkoa. Ukishampa mtoto jina la baba, utakosa la kumwita baba. "Jimbo" limebebeshwa mengi mno: kuna majimbo ya Marekani, majimbo ya Kongo, majimbo ya ubunge. "Kaunti" ni ya Wakenya na Waingereza, na Mkenya akisoma "kaunti ya Lozère" atamtafuta gavana.

Linabaki wilaya, nami nalitetea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ngazi: kwa Mtanzania, wilaya iko chini ya mkoa na juu ya tarafa, papo hapo ilipo département. Ya pili ni historia. Wilaya ni neno la Kiarabu, eneo lililo chini ya wali, na huyo al-wali ndiye tuliyemgeuza kuwa liwali, mtawala wa Sultani katika miji ya pwani. Waalgeria, ambao nchi yao ilikatwa kuwa département za Ufaransa tangu 1848, waliufanya uamuzi huu kabla yetu. Wapiganaji wao wa uhuru waliyaita maeneo yao ya kivita wilaya, na mwishoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa huru, département zote zikawa wilaya, kila moja na wali wake. Watu walioishi ndani ya kitu chenyewe kwa zaidi ya miaka 100 hawakuiona idara. Waliiona wilaya.

Kwa mkuu wake, liwali linavutia, lakini linanuka ikulu ya Sultani. Kwa Kifaransa anaitwa préfet, cheo kilichoundwa na Napoleon Bonaparte mwaka 1800, na kwa Kiswahili ni mkuu wa wilaya bila shaka yoyote. Anateuliwa na Rais wa Jamhuri katika kikao cha mawaziri, anaiwakilisha serikali, anasimamia usalama na sheria, na baada ya miaka michache huhamishwa. Wanaotaka kumwita "prifekti" wakumbuke kwamba shuleni Kenya huyo ndiye anayeandika majina ya wapiga kelele.

Ila wilaya hii ina wakubwa wawili, na hapa ndipo tafsiri nyingi huteleza. Pembeni ya mkuu wa wilaya kuna baraza la madiwani lililochaguliwa na wananchi, lenye mwenyekiti wake. Hadi 1982 baraza liliamua, na mkuu wa wilaya, mteule wa Paris, ndiye aliyetekeleza na kushika fedha. Mtanzania ataielewa hali hiyo upesi akimfikiria mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, anayeteuliwa na Rais ili atekeleze maamuzi ya madiwani. Sheria ya tarehe 2 Machi 1982, ya waziri Gaston Defferre, ikaugeuza mpango huo: utekelezaji ukahamia kwa mwenyekiti wa baraza, na mkuu wa wilaya akabaki na mamlaka ya kuangalia kama sheria imefuatwa. Kwa hiyo mwenyekiti wa Lozère si mwongoza vikao tu. Ana bajeti, ana wafanyakazi, ana magari ya kuondoa theluji. Mkenya amfikirie gavana upande mmoja na kamishna wa kaunti upande wa pili, ataukaribia ukweli.

Kazi za baraza hilo zinashikika. Barabara zenye herufi D kwenye vibao ni zake, na Lozère ina zaidi ya kilomita 2,000 za barabara hizo, karibu zote za kona. Zimamoto inaitegemea wilaya. Posho za wazee wasiojiweza, za walemavu na za wasio na kipato zinapita humo, na ndizo zinazokula sehemu kubwa ya fedha. Shule zimegawanywa kwa ngazi: ya msingi ni ya komini, sekondari ya juu ni ya mkoa, na ile ya katikati, wanayoiita collège, ni ya wilaya. Hii nayo isitafsiriwe "chuo". Ni sekondari ya chini, ya watoto wa miaka 11 hadi 15.

Chini ya wilaya kuna arrondissement, ambayo naiita tarafa. Lozère ina mbili, Mende na Florac. Ya tatu, Marvejols, ilifutwa mwaka 1926. Anayekaa Florac, sous-préfet, ni afisa tarafa kwa kazi, ingawa cheo chake ni kizito kuliko cha afisa tarafa wetu. Canton si ngazi ya utawala tena bali eneo la kupigia kura madiwani, na kata linatosha. Lozère ina kata 13, na tangu 2015 kila kata huchagua madiwani wawili kwa pamoja, mwanamume na mwanamke, hivyo baraza lina watu 26, nusu kwa nusu. Mwishoni kabisa kuna commune. Shehia haifai, maana sheha huteuliwa na meya wa commune huchaguliwa. Kijiji nacho hakifai, kwani Mende ni commune na Toulouse ni commune. Waswahili wa Lubumbashi na Goma wamekwisha kulimaliza suala hili kwa kusema komini, nami sioni sababu ya kutunga jingine. Lozère ina komini zaidi ya 150, nyingine zikiwa na watu wasiofika 100, kila moja na meya wake.

Mwezi Aprili 2014 Waziri Mkuu Manuel Valls alitangaza kwamba mabaraza ya wilaya yangefutwa ifikapo 2021. Hayakufutwa. Katika miji mikubwa wengi wangelala usingizi bila wilaya. Vijijini ilikuwa ni kuuliza nani, kutoka Toulouse, atajua ni kilima gani kimefungwa na theluji asubuhi ya leo.

Ipo wilaya ya Ufaransa iliyo jirani yetu, na ndiyo inayolijaribu neno hili kwa ukali zaidi. Mayotte, katika visiwa vya Komoro, ambako watu wanasema Kimaore, ndugu wa Kiswahili, ilifanywa département tarehe 31 Machi 2011, ya 101, baada ya kura ya maoni ya 2009. Eneo lake ni kilomita za mraba 374, na sensa ya 2017 ilikuta humo watu zaidi ya 250,000. Uchaguzi wa 2015 uliipa madiwani 26, idadi ile ile ya Lozère yenye watu chini ya theluthi yao. Isitoshe, Mayotte haina région nyingine juu yake: baraza lake moja limebeba kazi za wilaya na za mkoa pamoja. Magazeti yetu yakiandika habari za kimbunga Chido kilichoipiga Desemba 2024 yalitaja kisiwa, eneo, au jimbo. Ningependelea yaandike "Mayotte, wilaya ya Ufaransa yenye mamlaka ya mkoa". Ni maneno saba badala ya moja, lakini yanamweleza msomaji kwa nini mkuu wa wilaya ndiye aliyetoa amri ya kutotoka nje, na kwa nini madai ya shule na barabara yanapelekwa kwa mlango mwingine.