Kuliko, kama na zaidi: kuchagua maneno ya ulinganishi katika maswali ya Kiingereza

Ulinganishi ni njia ya lugha ya kueleza kwamba vitu viwili au zaidi vinalingana au vinazidiana kwa sifa fulani. Katika Kiswahili kazi hiyo hubebwa hasa na neno linalofuata kivumishi: kuliko, kushinda, kupita, kama, sawa na. Kivumishi chenyewe hubadilika kwa upatanisho wa ngeli tu. Kiingereza huigawa kazi hiyohiyo kati ya umbo la kivumishi na maneno yanayokizunguka, na katika mgawanyo huo ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama.

Jambo hili lamhusu sana mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali katika kata kama Mkuyuni, jijini Mwanza. Masomo yake mengi huyapata kwa Kiswahili, na Kiingereza hukisoma kama somo mojawapo. Akiingia kidato cha kwanza, lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza. Asiyetambua katika sentensi ni ziwa lipi lenye kina zaidi atakuwa amekosa Jiografia pia. Kwa sababu hiyo mifano mingi iliyo hapa chini imetolewa katika ziwa lake mwenyewe.

Kuzidiana kwa vitu viwili

Kiswahili: Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko Ukara.
Kiingereza: “Ukerewe is larger than Ukara.”

Kosa la kwanza ni “large than”. Mwandishi wake amedhani kwamba “than” hubeba uzito wote wa kuliko, akakiacha kivumishi kama kilivyo. Kosa la pili ni “more larger”, linalofuata mtindo wa kubwa zaidi. Hapo alama ya kuzidi imewekwa mara mbili. Maneno mafupi ya silabi moja huongezewa “-er”. Yenye silabi mbili yanayoishia kwa “y” huchukua “-ier”, kama “heavy” na “heavier”. Maneno marefu hutanguliwa na “more”, kama “more beautiful”. Njia hizi mbili hazitumiki pamoja.

Tukitaka kutia nguvu, Kiswahili hukubali kubwa sana kuliko. Kiingereza hakisemi “very larger”, bali “much larger”.

Kulingana

Neno moja la Kiswahili, kama, hudai maneno mawili ya Kiingereza, moja kabla ya kivumishi na jingine baada yake. Kina kikubwa cha Ziwa Victoria ni mita 80 hivi, na cha Ziwa Tanganyika ni mita 1,470 hivi. Basi: “Lake Victoria is not as deep as Lake Tanganyika.” Anayeandika “not deep as” amefuata Kiswahili neno kwa neno. Katika sentensi za namna hii kivumishi hakiongezewi kitu. “As deeper as” si sahihi.

Upeo

Kiswahili husema: Ukerewe ni kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Victoria. Kiingereza husema: “Ukerewe is the largest island in Lake Victoria.” Kikisema “larger than all the islands in Lake Victoria”, kinakuwa kimemlinganisha Ukerewe na Ukerewe, kwa kuwa nacho ni kimoja wa visiwa hivyo. Anayetaka kutumia “than” aandike “larger than any other island in Lake Victoria”.

Vitu vinapokuwa viwili tu, umbo la upeo halitakiwi katika mtihani: “Ukerewe is the larger of the two islands.” Kiswahili hakitofautishi hapa. Kubwa zaidi hutumika kwa wawili na kwa mia, kwa hiyo mtego huu humnasa hata mwanafunzi hodari.

Kuliko isiyokuwa “than”

Napenda sato kuliko sangara huwa “I prefer tilapia to Nile perch.” Kitenzi “prefer” hufuatwa na “to”. Vivyo hivyo maneno “senior”, “junior”, “superior” na “inferior”.

Maumbo ya pekee

“Good” huwa “better”, kisha “best”. “Bad” huwa “worse”, kisha “worst”. “Little” huwa “less”, kisha “least”. Haya hukaririwa, kwani hayana kanuni ya kuyaunda.

Namna ya kulisoma swali

Kabla ya kutazama majibu, soma kinachofuata pengo na uhesabu vitu vinavyolinganishwa.

– Likifuata “than”, tafuta “-er” au “more”.
– Kikifuata kivumishi kisha “as”, jaza “as”.
– Ikifuata “of the two”, tafuta “the” na “-er”.
– Ikifuata “in” na mahali, au “of all”, tafuta “the” na “-est” au “most”.

Jaribu: “Lake Victoria is ___ than Lake Tanganyika, but it is not ___ deep.” Pengo la kwanza linafuatwa na “than”, basi “larger”. La pili linatangulia kivumishi katika usemi wa kulingana, basi “as”. “As” ya pili imeachwa kwa sababu ziwa linalolinganishwa limekwisha kutajwa. Tafsiri ya Kiswahili itakupa maana ya sentensi, lakini umbo la jibu lithibitishe kwa maneno yanayolizunguka pengo.