Mafuta ya mwani wa hadubini
Mafuta ya mwani wa hadubini hutolewa kwenye viumbe vidogo mno vya majini vinavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kazi kubwa ni kuvitenga na maji: hata bwawa lililokolea ukijani huwa karibu lote ni maji. Mwani huchujwa au huzungushwa kwa kasi kwenye mashine, hukaushwa, kuta za seli hupasuliwa, kisha kiyeyushi kiitwacho heksani huyeyusha mafuta. Heksani huchemka kwenye nyuzi 69 hivi za Selsiasi, kwa hiyo huvukizwa na kutumika tena. Ukaushaji ndio unaokula faida.

Kaskazini-magharibi ya Sydney, Australia, maumbile yalitangulia. Katika bonde la Capertee, mwani jamaa wa Botryococcus uliofukiwa enzi ya Permi uligeuka torbaniti, mwamba mweusi wenye mafuta tele. Kiwanda cha Glen Davis kiliupasha joto kali kupata petroli tangu 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, hadi 1952 kilipofungwa. Australia Kusini, kwenye eneo la Coorong, Botryococcus aliye hai huacha utando unaonyumbulika kama mpira. Katika karne ya 19 watu waliudhani dalili ya petroli, wakachimba visima, mafuta hayakutoka.