Asiye na Dini Atazikwa na Nani? Kiapo, Ndoa na Msiba katika Arusha na Miteremko ya Meru

Mwaka 1969 mwanateolojia wa Kenya John Mbiti alifungua kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwa dai kwamba Mwafrika ni mtu wa dini kupita kiasi, na kwamba dini imepenya kila pembe ya maisha yake. Dai hilo limerudiwa madarasani na madhabahuni mpaka halidaiwi ushahidi tena. Linamwangukia vibaya Mtanzania aliyeacha dini na kuamua kuishi kwa falsafa ya utu isiyomtegemea Mungu, kwa sababu haambiwi tu kwamba amepotoka. Anaambiwa amekoma kuwa mtu wa kwao. Makala hii inalipinga dai hilo kwa kuitazama Arusha na miteremko ya Mlima Meru. Ninashikilia kwamba sheria na historia ya eneo hili zina nafasi ya mtu huyo. Anapokwama ni kwenye msiba.

Mwaka mmoja baada ya Mbiti, mshairi na msomi wa Uganda Okot p'Bitek aliwashutumu wasomi wa aina ya Mbiti kwa kuivika miungu ya Kiafrika sifa walizojifunza kwa Wagiriki na wamisionari. Hoja yake ni nzito na mara chache imejibiwa. Wanaomnukuu Mbiti kwa kawaida humpita Okot kimyakimya.

Kuhusu sheria sina haja ya maneno mengi. Katiba inaitaja Tanzania kuwa nchi isiyo na dini, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kubadili imani. Sheria ya viapo ya mwaka 1966 inamruhusu shahidi anayesema hana imani ya dini kutoa uthibitisho badala ya kuapa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya bomani sawa na ya kanisani au msikitini. Tena tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapohapo Arusha, ilipoamua shauri la jamii ya Waogiek dhidi ya Kenya ilieleza kwamba uhuru wa kuabudu unalinda pia imani zisizo na Mungu na haki ya kutokuwa na dini yoyote. Shauri lenyewe lilihusu watu waliofukuzwa katika msitu wa Mau, walikoishi na kuabudu. Mahakama iliona kwamba haki ya anayeabudu na haki ya asiyeabudu zina mzizi mmoja, nami naona iliona sawa.

Sheria, hata hivyo, haimjibu anayesema kwamba bila hofu ya Mungu maadili huanguka. Jibu la huyo nalipata kwa Waarusha wenyewe, kama walivyoelezwa na mwanaanthropolojia P. H. Gulliver katika kitabu alichokichapisha mwaka 1963 kutokana na utafiti wake wa miaka ya 1950. Gulliver alichunguza jinsi watu wanaoishi kwenye miteremko ya mlima, katika ardhi iliyokuwa ikizidi kubana, walivyomaliza ugomvi wa mipaka ya mashamba, mahari, madeni na majeraha. Hakukuwa na hakimu wa jadi mwenye amri ya mwisho. Mdai alikwenda na watu wa ukoo wake, mdaiwa na wa kwake. Au shauri lilipelekwa kwenye rika, au kwenye mkutano wa wazee wa eneo. Washauri wa kila upande walisema, wakapinga, wakapunguza, wakaongeza, hadi kiasi kikapatikana ambacho wote wawili wangeweza kukibeba. Mahakama zilizowekwa na wakoloni zilikuwepo, lakini mashauri mengi yalimalizwa nje yake. Kilichomlazimisha mtu kutimiza ahadi ni kwamba kesho angewahitaji watu walewale aliokaa nao leo barazani.

Nitaambiwa kwamba Waarusha walimjua Engai, Mungu wao, na laana ya mzee iliogopwa. Ni kweli. Ila kwa usomaji wangu, laana ilisimama pembeni ikisubiri mazungumzo yashindwe. Kazi ya kila siku ya haki ilifanywa na hoja, uhusiano na subira. Maadili hayo yalijengwa kwa mikono ya watu, na yanaweza kufundishwa hivyo.

Ukristo wenyewe si wa zamani sana mlimani. Wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru mwaka 1896. Misheni ya Nkoaranga ilianza 1902. Katika muda huo mfupi kanisa limekuwa mali ya watu kwelikweli. Mgogoro wa 1990 hadi 1993, Wameru walipotaka kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kilutheri, iliyoongozwa kutoka Moshi, haukuwa ugomvi juu ya Utatu Mtakatifu. Watu waligombana juu ya nani aendeshe kanisa lao, shule zao na fedha zao. Nauchukua mgogoro huo kama ushahidi kwamba kinachomfunga mtu wa Meru kwa kanisa ni kuwa wa mahali fulani, kabla ya fundisho lolote.

Ndiyo maana msiba una nguvu kuliko mahubiri. Anayeacha kanisa anaacha pia jumuiya, bahasha ya ahadi, kwaya na wazee wa kanisa watakaokuja nyumbani usiku wa kwanza wa matanga. Aliyetengwa na kanisa anajua kwamba mchungaji anaweza kukataa kumzika, na aibu hiyo itabaki kwa watoto. Nadhani baadhi ya wanaorudi kundini uzeeni wanarudi kwa toba. Wengine wanarudi ili wazikwe. Kwa Mwislamu wa mjini jambo ni gumu zaidi, maana kuosha, sanda na sala ya jeneza vyote viko mikononi mwa waumini wenzake.

Wanaoeneza falsafa ya utu Afrika Mashariki hawajaligusa hili vya kutosha. Uganda wamejenga shule, kama ile ya Kasese iliyoanza 2011. Kenya chama cha wasioamini kilisajiliwa 2016, usajili ukasimamishwa mwaka huohuo, na nguvu nyingi zikaishia kwenye kuupigania. Mijadala juu ya kuwepo kwa Mungu inaendelea, lakini aliyefiwa anahitaji watu wa kusimama naye, na mjadala haumsaidii.

Na nyenzo zipo. Kwenye miteremko ya Meru wengi huzikwa kihambani, penye migomba ya ukoo. Kanisa halimiliki kaburi hilo. Majirani ndio wanaochimba na kupika. Michango huandikwa daftarini na kamati ya msiba, wasifu wa marehemu husomwa na mtoto au ndugu, na msemaji wa ukoo ndiye anayeshukuru. Ondoa ibada, na sehemu kubwa ya mazishi ingali imesimama. Kinachokosekana ni mtu mwenye ujasiri na ufasaha wa kuongea mbele ya jeneza kwa saa moja bila kuahidi ufufuo, na bila kuwadharau wanaouamini. Watu wa namna hiyo wanaweza kuandaliwa Arusha sasa hivi.

Sehemu moja ya hoja hii bado inayumba. Ukimtoa mchungaji, mwenye sauti anabaki kuwa ukoo, na ukoo wa Wameru na Waarusha hufuata upande wa baba. Katika shauri la maziko ya S. M. Otieno nchini Kenya, mwaka 1987, mjane wake Wambui alidai kuwa mumewe alitaka kuzikwa kwingine. Mahakama ikaupa ukoo wa mumewe haki ya kuzika. Mwanamke wa Meru aliyeacha dini, akiwa ameolewa katika ukoo wa Walutheri, ana hali dhaifu kuliko Wambui, aliyekuwa na wakili na magazeti. Wosia ulioandikwa na kushuhudiwa unaweza kumsaidia, kama upo, na kama kuna watu watakaousoma kwa sauti pale nyumbani kabla ya jeneza kuletwa.