Upatanishi kwa video: Ya kujua kabla ya kutia sahihi

Mjane anayeishi katika kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, na ambaye ana kesi ya shamba katika mahakama ya mjini Migori, hana budi kuvuka Ziwa Victoria kwa mashua hadi Mbita, kisha kushika barabara kupitia Homa Bay na Rongo kabla ya kufika mbele ya hakimu. Kesi ikiahirishwa, safari hiyo huanza upya.

Upatanishi unaoendeshwa kwa njia ya video unaweza kumwondolea adha hiyo. Hata hivyo, makubaliano yanayofikiwa katika kikao cha aina hiyo, yakishasajiliwa mahakamani, huwa na nguvu sawa na hukumu, na sheria ya Kenya hairuhusu rufaa dhidi yake. Kwa sababu hiyo, anayeketi mbele ya simu au kompyuta kuzungumzia ardhi yake anapaswa kuelewa barabara utaratibu huo kabla ya kutia sahihi yake.

UPATANISHI NI NINI

Katika upatanishi, mtu wa tatu asiyeegemea upande wowote huwasaidia wanaozozana kutafuta suluhu wao wenyewe. Mpatanishi hatoi hukumu wala hamlazimishi mtu kukubali jambo. Hapo ndipo anapotofautiana na hakimu, ambaye husikiza ushahidi na kuamua nani mwenye haki.

Kifungu cha 159 cha Katiba ya mwaka 2010 kinazitaka mahakama kukuza njia mbadala za kutatua mizozo, zikiwemo upatanishi na mbinu za kijadi, mradi mbinu hizo za kijadi zisikiuke haki za kimsingi za binadamu.

Mnamo Aprili 4, 2016, wakati Dkt Willy Mutunga alipokuwa Jaji Mkuu, Idara ya Mahakama ilianza kwa majaribio mpango wa upatanishi ulio chini ya mahakama katika jumba la Milimani, Nairobi. Mpango huo ulianza na kesi za familia na za biashara, na baadaye ukapanuliwa hadi sehemu nyingine za nchi. Kanuni zinazouongoza zilitolewa mwaka 2022.

Matumizi ya video yalichochewa na janga la Covid-19. Mnamo Machi 15, 2020, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alitangaza kupunguzwa kwa shughuli za mahakama kote nchini. Majaji, mahakimu na mawakili walihamia kwenye mikutano ya video kupitia programu kama vile Zoom na Microsoft Teams, na wapatanishi wakafuata mkondo huo. Janga lilipopungua, desturi hiyo ilibaki.

KWA NINI MIGORI NA HOMA BAY

Kaunti hizi mbili, ambazo zamani zilikuwa chini ya wilaya moja ya South Nyanza, zina watu wengi waliotawanyika katika maeneo mapana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Homa Bay ina visiwa vya Rusinga na Mfangano, ilhali Migori inapakana na Tanzania, na mji wake wa Isebania umo mpakani kabisa.

Mahakama Kuu ina vituo katika miji ya Homa Bay na Migori. Mahakama za mahakimu pia zipo Mbita, Ndhiwa, Oyugis, Rongo na Kehancha. Licha ya hayo, mwenye kesi anaweza kuishi mbali na kituo ambako faili yake imo.

Mizozo ya huko pia ina sura ambayo upatanishi unaweza kuifaa. Mingi huwahusu watu watakaoendelea kuishi pamoja hata baada ya kesi: ndugu wanaogawana shamba la marehemu baba yao, majirani wanaogombania mpaka, wavuvi wanaomiliki chombo kwa ushirika, au mkulima wa miwa wa Awendo na aliyemkodisha shamba. Hukumu humpa mmoja ushindi na mwingine kinyongo. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

Aidha, familia nyingi zina jamaa waliohamia Nairobi, Mombasa au nchi za nje. Shauri la mirathi huweza kukwama kwa sababu mrithi mmoja hayupo. Kwa video, mrithi huyo anaweza kusikiza na kusema bila ya kukata tiketi.

KIKAO HUENDESHWAJE

Kesi inaweza kupelekwa kwenye upatanishi kwa ombi la wahusika au kwa agizo la mahakama yenyewe. Naibu msajili huchunguza faili kuona kama inafaa. Kesi za jinai haziingii katika mpango huu, na mzozo wenye historia ya vitisho au vipigo unahitaji tahadhari kubwa.

Wapatanishi huteuliwa kutoka orodha ya walioidhinishwa na kamati iliyoundwa kwa mujibu wa Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21. Wahusika huwasilisha muhtasari wa madai yao na nakala za hati muhimu kabla ya kikao. Muda uliowekwa wa kukamilisha shughuli hiyo ni siku 60, ingawa unaweza kuongezwa.

Kikao kikiwa cha video, kila upande hutumiwa kiungo cha kujiunga. Mpatanishi huanza kwa kuhakikisha ni nani waliopo, kisha hueleza masharti: kuzungumza kwa zamu, kutunza siri na kutorekodi. Baada ya kila upande kutoa maelezo yake, anaweza kumtenga mmoja katika chumba cha faragha cha mtandaoni ili azungumze naye peke yake, kisha afanye vivyo hivyo na mwenzake.

Wakili anaweza kuhudhuria pamoja na mteja wake, lakini mwenye mzozo ndiye anayetarajiwa kusema na kuamua.

HATARI ZA SKRINI

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Kamera ya simu huonyesha uso tu. Mjane anaweza kuwa anazungumza kutoka sebuleni kwa shemeji yake, kwa simu ya shemeji huyo, huku wazee wa ukoo wakiwa wamekaa nyuma ya kamera. Akisema "nimekubali", mpatanishi aliye mbali hana njia rahisi ya kujua kama neno hilo limetoka moyoni.

Kwa hiyo mpatanishi makini humwomba kila mhusika azungushe kamera aonyeshe chumba alichomo, na huuliza tena katika mazungumzo ya faragha kama kuna mtu anayemshinikiza. Mhusika naye ana haki ya kuomba kikao kifanyike ana kwa ana, au atafutiwe mahali pengine pa kuketi.

Mtandao nao ni tatizo. Katika baadhi ya sehemu za ufuo wa ziwa na mpakani, mawimbi ya simu ni hafifu, na simu huweza kushika mtandao wa nchi jirani na kumwongezea mtumiaji gharama. Inafaa wahusika wakubaliane mapema kitakachofanyika mawasiliano yakikatika, ili mtu asihesabiwe kuwa amekubali jambo ambalo hakulisikia.

Lugha ni jambo la tatu. Mwenye kuzungumza Kijaluo, Kikuria au Kisuba asiketi kikao cha Kiingereza bila ya mkalimani. Mkalimani huyo asiwe jamaa wa upande wa pili.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Makubaliano huandikwa na kusajiliwa katika mahakama iliyotoa agizo la upatanishi. Kwa mujibu wa kifungu cha 59B cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, hutekelezwa kana kwamba ni hukumu na hayakatiwi rufaa. Njia inayobaki ni nyembamba: kuithibitishia mahakama kwamba yalipatikana kwa ulaghai, kwa shinikizo, au kwa sababu nyingine inayoweza kuvunja mkataba.

Kutokana na hayo, mhusika anapaswa kusomewa makubaliano yote kwa lugha anayoielewa, na kuomba muda wa kuyapeleka kwa wakili au mtu anayemwamini. Kwa ardhi, maandishi yataje nambari ya shamba, ukubwa wa kila sehemu, atakayelipa mpimaji, na tarehe ya kukamilisha. Ardhi ya kilimo inaweza pia kuhitaji kibali cha bodi ya kusimamia ardhi kabla ya kugawanywa au kuhamishwa.

Katika mirathi, kila mwenye haki ahusishwe. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haiwatengi mabinti na wana wa kiume katika kugawa mali ya mzazi aliyefariki bila wosia, na mjane ana nafasi yake katika sheria hiyo. Mpatanishi hawezi kuuondoa ulinzi huo kwa kuwa tu wazee wameafikiana.

Upatanishi ukishindikana, faili hurudi mahakamani na kesi huendelea. Yaliyosemwa katika kikao hubaki siri na hayatumiwi kama ushahidi. Kwa hiyo kukataa suluhu mbaya hakumpotezei mtu haki yake.

Anayetaka kesi yake ipatanishwe anaweza kuanzia masjala ya mahakama ambako faili yake imo, au kumwagiza wakili wake aombe. Asiye na kesi anaweza kumtafuta mpatanishi aliyeidhinishwa, na makubaliano yao yakiandikwa yanaweza pia kusajiliwa mahakamani.

Kwa mjane wa Mfangano, simu inaweza kumpunguzia safari ya mashua na siku kadha za kungoja. Haimpunguzii haja ya kuuliza, kabla ya kusema ndiyo, kipande cha ardhi kitakachobaki kwa jina lake ni kipi.